Beleshi, Fuwele na Ahadi: Wiki Tatu Ndani ya The Dig

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 alisimama nyuma ya kiti changu kwa muda, akimtazama mwanamume aliyevaa mavazi ya mwanaanga akitembea polepole juu ya mwamba mkavu, na hakuna kingine kilichotokea. Ndipo akaniuliza, kwa adabu lakini kwa mashaka ya wazi, “Mjomba, sasa adui yuko wapi?” Nikamjibu kwamba bado sijamwona. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kucheza saa nne nzima.

Mchezo wenyewe unaitwa The Dig. Ulitolewa na kampuni ya LucasArts ya Marekani mwishoni mwa mwaka 1995, na ni wa jamii ile ya michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hapewi bunduki wala hahesabiwi alama. Una kishale kwenye skrini. Unabofya mahali, mhusika wako anakwenda. Unabofya kitu, anakichukua au anakueleza kwa nini hana haja nacho. Vitu ulivyookota vinakaa kwenye mkoba, na kazi yako ni kufikiri ni kipi kinafaa kutumika wapi. Wapo wanaoona kwamba huko si kucheza bali ni kusoma riwaya kwa kipanya, na sitawabishia sana, ila riwaya haikungoji uamue ndipo iendelee.

Habari inaanza na asteroidi iitwayo Attila ambayo iko njiani kuigonga dunia. Wanaanga watano wanatumwa kwenda kutega mabomu mawili ya nyuklia juu yake ili kuisukuma kutoka katika njia hiyo na kuiacha izunguke dunia bila madhara. Kiongozi wao ni kamanda Boston Low, ambaye ndiye unayemwongoza. Pamoja naye wamo Ludger Brink, mtaalamu wa Kijerumani wa miamba na mambo ya kale, na Maggie Robbins, mwandishi wa habari mwenye kipaji cha lugha. Wengine wawili, Ken Borden na Cora Miles, wanabaki nyuma mapema. Kazi ya mabomu inafanikiwa upesi kuliko nilivyotarajia, na mtu angedhani hadithi imekwisha. Lakini Low, Brink na Maggie wanarudi kuichunguza asteroidi, wanagundua kwamba ina uwazi ndani na kwamba imetengenezwa, wanagusa wasichokijua, na kitu kizima kinageuka chombo kinachowapeleka kwenye sayari ngeni, watu watatu peke yao. Sayari hiyo watengenezaji waliipa jina la Cocytus, ambalo katika hadithi za Wagiriki wa kale ni mto wa maombolezo ulioko kuzimu. Jina hilo halikuchaguliwa kwa sababu linasikika vizuri tu.

Nilicheza kwa kutumia ScummVM, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya kuihuisha michezo ya zamani iliyojengwa juu ya SCUMM, yaani mfumo ambao LucasArts waliubuni kwa ajili ya mchezo wao wa Maniac Mansion wa mwaka 1987 na kuendelea kuutumia kwa takriban muongo mzima. Unanunua nakala halali ya mchezo, unaielekeza programu kwenye faili zake, basi. Nilianza kwenye simu, nikaacha siku ya pili. Picha ya The Dig ina upana wa pikseli 320 na urefu wa pikseli 200, yaani nukta 64,000 tu kwa jumla, na kitu unachokitafuta kinaweza kuwa na ukubwa wa nukta chache kando ya jiwe. Kidole changu kilikuwa kinafunika nusu ya ushahidi. Nikahamia kwenye kompyuta ya kazini, ile ninayoitumia kutafsiri nyaraka mchana, na kwa wiki tatu kila jioni nilikuwa nafunga mikataba ya watu na kufungua Cocytus.

Wazo la mchezo lilikuwa la Steven Spielberg, mwongozaji wa filamu, ambaye hapo awali alilikusudia liwe kipindi katika mfululizo wake wa televisheni wa Amazing Stories, kisha likaonekana lina gharama kubwa mno kupigwa picha. LucasArts walilichukua mwaka 1989 na likawachukua miaka sita, huku uongozi wa kazi ukipita kutoka kwa Noah Falstein kwenda kwa Brian Moriarty, kisha kwa Dave Grossman, na mwisho kwa Sean Clark ndiye aliyeufikisha sokoni. Mwandishi Orson Scott Card alishiriki kuandika mazungumzo, na sauti ya Low ni ya mwigizaji Robert Patrick. Kupita mikono mingi namna hiyo kumeacha makovu, na mchezaji makini anayaona: kuna vyumba vikubwa vilivyochorwa kwa ustadi ambavyo havina kazi yoyote, na kuna mafumbo yanayofanana na yaliyohamishwa kutoka mchezo mwingine, yakawekwa hapo kwa sababu palikuwa na mlango uliohitaji kufungwa.

Hata hivyo kitu kimoja hakikuvunjika katika miaka yote hiyo sita, nacho ni uzito wa hali. Michezo mingi ya LucasArts ya zama zile ilikuwa ya kuchekesha. Ukijaribu jambo la kipuuzi, mhusika anakutania, na utani huo unakusahaulisha kwamba umekwama. Low naye ana maneno makavu ya hapa na pale, lakini ni ya mtu mzima anayejikaza asionyeshe hofu. Ukibofya jambo lisilowezekana anakataa kwa ufupi, kimya kinarudi, na unabaki wewe na upepo. Muziki wa Michael Land, ambaye alishona vipande vya Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, ndani ya tungo zake mwenyewe, hauna mapigo ya kukuharakisha. Ni nyuzi na honi zinazopanda polepole kama ukungu, kiasi kwamba mara mbili nilivua visikizi ili nihakikishe kama muziki bado unaendelea.

Kimya hicho ndicho mpwa wangu alikihesabu kuwa kasoro, na mwanzoni nami nilikiona hivyo. Low na wenzake wanafika mahali ambapo ustaarabu mzima umeondoka na kuacha taa zikiwaka. Kuna kisiwa cha katikati, na chini yake ukumbi wenye milango inayoelekea kwenye minara iliyo visiwani, ambako husafiri kwa vyombo vya mviringo vinavyopita chini ya ardhi. Mashine bado zinafanya kazi ukijua kuziamsha. Ukijiuliza wenyeji wako wapi, huna wa kumuuliza. Unachoweza kufanya ni kutembea, kubofya, kusoma maumbo ya rangi yaliyochongwa kwenye fimbo na kuyapanga kwa mfuatano uleule kwenye kibao cha mlango, ukiomba mlango ufunguke.

Kuhusu mafumbo sitasema mengi, kwa kuwa mengi hayastahili. Lile la kuendesha roboti kwa vitufe vya rangi, ambavyo hakuna anayekueleza kazi zake, lilinitia uvivu, na sioni aibu kusema kwamba nililimaliza kwa kubahatisha. Lile la nyota na miezi, ambapo unapanga miezi ya sayari mpaka ipatwe, ni zuri kulitazama kuliko kulitatua. Lakini fumbo la mifupa ya kasa, ambalo wachezaji wa zamani wanalilaani mpaka leo, mimi nitalitetea.

Ufukweni kuna rundo la mifupa ya kiumbe kinachofanana na kasa. Majini kuna mnyama mkubwa anayekuzuia usipite. Umekwisha kugundua wakati huo kwamba sayari hii ina fuwele za kijani zinazong’aa, ambazo ukiziweka juu ya kilichokufa kinafufuka. Basi lazima uiunge mifupa ile, kipande kwa kipande, iwe kiumbe kamili, na mwongozo pekee ulio nao ni kisukuku kilichogandia kwenye jiwe, kinachoonyesha mifupa ilivyokaa kabla haijatawanyika. Nilikichora kisukuku hicho kwenye karatasi. Nikahesabu mbavu. Nikarudi kwenye rundo, nikaviweka vipande kama nilivyochora, nikaweka fuwele, na kilichoamka hakikudumu hata nafasi ya kupumua; kikaporomoka na kuwa mifupa tena. Nikageuza mfupa mmoja wa mguu. Kikaporomoka tena. Kufikia mara ya tano mpwa wangu, ambaye alikuwa amesema hatarudi kutazama, alikuwa ameketi kwenye stuli kando yangu na ameikamata karatasi mkononi, akinionyesha kwa ncha ya penseli kwamba kile nilichokidhani mkia kilikuwa shingo.

Alikuwa sahihi. Mara ya sita kiumbe kikainuka, kikajitazama kama kilichotoka usingizini, kikaanza kujikokota kuelekea majini, na mtoto akapiga makofi. Kwa bahati mbaya nilikuwa sijamweleza kwamba ndani ya mbavu zile nilikuwa nimepachika kopo lenye kilipuzi. Yule mnyama wa majini akajitokeza, akakimeza kiumbe tulichokihangaikia jioni nzima, na mlipuko ukafuata. Njia ikawa wazi. Mtoto alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo mchezo huu unalifanya bila kulitangaza. Kishale ni kilekile siku zote. Bofyo la kuokota jiwe na bofyo la kufungua mlango halina tofauti na bofyo la kumtuma mfufuliwa akalipuke, na kidole chako hakihisi tofauti yoyote mpaka kitendo kimekwisha kutendeka. Beleshi ni mfano mwingine. Mapema kabisa baada ya kutua, Low anatumia beleshi lilelile alilotoka nalo kwenye kazi ya mabomu kuchimba palipoonekana pana kitu. Mimi ndiye niliyebofya, tena kwa furaha ya mtu aliyepata kazi ya kufanya. Ardhi ikatitia, Brink akaanguka, akafa. Hakuna aliyenionya na hapakuwa na njia nyingine ya kusonga mbele. Mchezo ulihitaji nimuue Brink, ukanipa beleshi, ukasubiri.

Brink anafufuliwa kwa fuwele, naye ndiye anayeonyesha gharama yake. Mtu aliyeanza akiwa msomi mwenye majivuno kidogo na ucheshi wa haki anageuka mlevi wa uhai. Hataki kusikia lolote isipokuwa fuwele zaidi, anazificha, anamshuku kila mtu. Watengenezaji hawakumfanya kuwa mtu mwovu. Amerudishwa nusu, na hiyo nusu inajua kinachokosekana. Baadaye mkono wake unanasa kwenye ufa wa mwamba alipokuwa akijipenyeza kuzitafuta fuwele hizo, na hakuna namna ya kuutoa. Kwenye mkoba wako una mfupa wa taya wenye meno makali.

Niliacha mchezo ukiwa umefunguka hapo nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilijua ninachotakiwa kufanya kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujaribu kila kitu kingine mkobani, hata vile visivyo na maana yoyote, kama mtu anayemtafutia daktari visingizio. Niliporudi nikabofya taya, kisha nikabofya mkono. Mchezo haukuonyesha damu nyingi, na hilo sikuliona kuwa huruma kwangu, kwa maana kisichoonyeshwa nilikijaza mwenyewe.

Maggie naye ana njia yake. Anajitenga na wanaume hawa wawili na kujifungia na kumbukumbu za wenyeji mpaka anajifunza lugha yao. Hapa mtafsiri aliye ndani yangu alicheka kidogo, kwa sababu anaimudu kwa muda mfupi kuliko ule ninaoutumia kuelewa barua moja ya mwanasheria, lakini nilimsamehe kwa kuwa matunda ya kazi yake ndiyo yanayoipa hadithi mgongo. Kupitia kwake tunaelewa walikokwenda wenyeji wa Cocytus. Waligundua fuwele, wakashinda kifo, kisha wakaona kwamba maisha yasiyo na mwisho ndani ya mwili hayawatoshi; wakajenga mashine iitwayo Jicho, wakapita ndani yake kuingia kwenye hali nyingine ya kuwepo iliyo nje ya muda na mahali tunapopajua. Huko hawakupata walichokitafuta, na njia ya kurudi wameipoteza. Sayari haikushambuliwa na yeyote. Adui aliyeulizwa na mpwa wangu hayupo, na kama yupo basi ni lile jiwe la kijani ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo mkobani tangu siku ya pili, nikilihesabu kuwa kifaa changu bora kuliko vyote.

Nimesoma malalamiko ya wengi kwamba hadithi hii ni nyembamba na wahusika watatu ni wachache mno kwa mchezo mrefu kiasi hiki. Kuhusu urefu wana hoja. Kati ya mnara na mnara kuna safari nyingi za bure, na kalamu ya mawasiliano ambayo Low anaitumia kuwaita wenzake mara nyingi inakujibu kwamba hakuna jipya. (Kalamu hiyohiyo ina mchezo mdogo wa kutua kwenye asteroidi uliofichwa ndani yake, na ninakiri kwamba usiku mmoja niliucheza badala ya kuiokoa hatima ya Low.) Kuhusu uchache wa wahusika siwaungi mkono. Watu watatu wanatosha kabisa kugombana, na upweke wa sayari ungeharibika kama pangekuwa na wa nne wa kuzungumza naye.

Sasa nifike kwenye ahadi, na ambaye anakusudia kucheza mwenyewe aishie hapa.

Baada ya kuona yaliyompata Brink, Maggie anamtaka Low amwahidi jambo moja: kwamba akifa, asimfufue kwa fuwele. Low anaahidi. Mambo yanafuatana, Brink anakufa mara ya pili, safari hii kwa kuanguka katika ugomvi na Low, na kisha Maggie anajitoa maisha yake ili Jicho liweze kuwashwa. Analala mbele yako. Kwenye mkoba una fuwele. Mchezo unanyamaza.

Katika mafumbo yote yaliyotangulia, kila kitu ulichokipewa kilikuwa cha kutumika, na ukikwama ina maana hujakitumia. Wiki tatu nzima nilizoeshwa tabia hiyo: jaribu kila kitu juu ya kila kitu. Kishale changu kilikwenda chenyewe kwenye fuwele. Nilikishika hapo, sijui kwa muda gani, nikaanza kujitetea kwa hoja ambazo naamini kila mchezaji huzitoa: kwamba ni mchezo tu, kwamba huenda mlango unaofuata unamhitaji yeye, kwamba ahadi ilitolewa na Low na wala si mimi. Kisha nikahifadhi mahali nilipofika, nikaondoa kishale juu ya fuwele, nikamwongoza Low aondoke zake. Hakuna muziki wa ushindi uliopigwa wala ujumbe uliotokea kunieleza kwamba nimechagua vema. Low alitembea tu, kama alivyotembea saa ile ya nne mpwa wangu alipomwona mara ya kwanza.

Mwisho wenyewe nisiusimulie wote. Low anapita kwenye Jicho, wenyeji wanapata njia ya kurudi, na shukrani yao ni kubwa kuliko nilivyoona inafaa. Ningependa mwisho mgumu zaidi, usiofuta gharama kwa ishara ya mkono. Mchezo uliothubutu kunifanya nimkate mtu mkono ungeweza kuthubutu kuniacha nikae na matokeo yake. Kinachobadilika kutokana na uamuzi wako ni kidogo, hasa namna Maggie anavyompokea Low watakapoonana.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alikuja, akaniamkia, akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza, lakini nimehifadhi sehemu moja ambayo ningependa aamue yeye. Nikamfungulia pale alipolala Maggie. Nikaanza kumweleza habari za ahadi, na nilikuwa bado nafika kwenye habari za Brink, aliponikatiza: “Si tuna lile jiwe la kijani?” Akabofya kabla sijamjibu. Maggie akaamka, akatambua alichofanyiwa, akamgeukia Low kwa hasira, kisha akaenda ukingoni na kujitupa.

Mtoto hakusema kitu kwa muda. Kipanya kilikuwa bado mkononi mwake.

“Mjomba,” akasema, “turudi pale ulipohifadhi.”